Adui wa Nyumba ni Cheche

Jumamosi, tarehe 7 Februari, 2009, joto katika mji wa Melbourne, nchini Australia, lilipita digrii 46. Upepo mkali ukausukuma moto wa msituni mpaka kwenye makazi ya jimbo la Victoria. Watu 173 walikufa, na nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea.

Wengi hudhani kwamba nyumba huangamizwa na ndimi za moto tu. Wataalamu wa nchi hiyo wameona kuwa adui mkubwa ni cheche. Upepo huzitanguliza mbele ya moto, nazo hujipenyeza chini ya mabati, darini na chini ya milango. Nyumba yaweza kuungua saa kadhaa baada ya moto kupita, hali mti ulio jirani ungali na majani mabichi.

Kwa hiyo mjenzi wa huko huziba kila upenyo. Matundu ya hewa huwekewa wavu wa chuma, ambao vitundu vyake havizidi milimita 2. Vioo vya madirisha huwa vya aina ngumu isiyopasuka upesi kwa joto. Wenye nyumba nao hawana budi kuondoa majani makavu katika mifereji ya paa, na kuweka kuni mbali na ukuta.

Ujenzi huo huukinga msitu pia. Kusini magharibi mwa Australia kuna maelfu ya aina za mimea isiyoota penginepo duniani. Mbuga ya Fitzgerald River peke yake ina aina zaidi ya 1,800. Baadhi ya mimea hiyo humwaga mbegu zake baada ya moto. Mwenye nyumba dhaifu hulazimika kufyeka eneo kubwa ili ajisalimishe. Mwenye nyumba madhubuti hufyeka kidogo, na mimea ikabaki.

Hata hivyo, hakuna nyumba isiyoshindika. Siku ya hatari kuu jamaa huhimizwa kuondoka mapema, kabla moshi haujafunika barabara. Shauri hilo hukatwa wakati wa amani, ili hata baba au mama akiwa zamu, kila mtoto ajue njia atakayoshika na mahali watakapokutana.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nchi ya moto, ufa mmoja huchukua nyumba nzima.