Kabla ya kupanda Machu Picchu, lala Karen kwanza

Mpwa wangu wa Kisauni amecheza upatu miaka minne kwa ajili ya safari moja tu: kuyaona magofu ya Machu Picchu, kule Peru. Nilipomuuliza amejiandaaje, alicheka. "Mjomba, mimi magofu nshayazoea. Gede nimekwenda mara ngapi?"

Kweli, miji hiyo miwili ni ya rika moja. Karne ya 15, Waislamu wa Gede walipokuwa wakiswali katika msikiti wao mkuu, Wainka walikuwa wakijenga Machu Picchu kwa mawe yaliyochongwa yakashikana bila chokaa. Lakini Gede iko karibu na bahari, na Machu Picchu iko mita 2,430 juu yake. Hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapokosea hesabu.

Oksijeni huko juu haibadiliki kwa asilimia, ni 21 kama Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi huleta kidogo. Machu Picchu unapata kama robo tatu ya unachopata Likoni. Cusco, mji unaofikia kwa ndege, uko mita 3,400, na huko ni theluthi mbili tu. Kwa hiyo hatari kubwa haiko kwenye magofu, iko Cusco. Wengi hushuka kwenye ndege, wakalala hapo hapo, na asubuhi kichwa kinapasuka, chakula hakipiti.

Nilimpangia hivi. Ndege yake inaondokea Nairobi, basi apande SGR siku tano mapema, akae kwa shangazi yake Karen. Karen iko kama mita 1,800 juu, na mwili huanza kuzoea taratibu. Siku mbili za mwanzo atembee tu, labda hadi nyumba ya Karen Blixen ambayo sasa ni makumbusho. Siku ya tatu apande vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake ni mita 2,460, karibu sawa kabisa na Machu Picchu. Achukue sweta, upepo unaozungusha ile mitambo ya umeme haumwonei mtu haya. Na asifanye haya mwezi mzima kabla ya safari, kwa sababu akirudi Kisauni mazoea hayo yatapotea.

Akifika Cusco asilale. Achukue gari hadi Ollantaytambo, ambako ni chini zaidi, kama mita 2,800, alale siku mbili, kisha apande treni kwenda kwenye magofu. Cusco aitembelee mwisho. Tikiti ya kuingilia ina saa yake na njia yake, na mlangoni wanataka pasipoti, kwa hiyo ainunue mapema, hasa kati ya Juni na Agosti ambapo watu hujaa. Wenyeji watampa majani ya koka atafune, kama watu wetu na miraa. Akitafuna ni shauri lake, lakini asiyatie mkobani kurudi nayo.

Kuna jambo moja ambalo sikumwachia achague. Pwani yetu ina watu wengi wenye jeni ya seli mundu, kwa sababu ya malaria ya karne nyingi, na wengi hawajui. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili anaweza kupatwa na maumivu makali mno penye hewa chache, na safari kama hii asiifikirie bila daktari wake. Aliyerithi kwa mzazi mmoja huwa mzima, lakini akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto akiwa juu, huenda ni bandama, na inabidi ashuke na kutafuta hospitali upesi. Kipimo ni cha damu tu.

Mpwa wangu alinuna. "Mimi si mgonjwa, mjomba." Nilimkumbusha kaka wa mama yake aliyefariki mdogo, ambaye nyumbani tulisema alikuwa na baridi yabisi.

Alikwenda kupima Jumatatu. Majibu yalisema amerithi kwa mzazi mmoja. Safari haikuvunjika, ameongeza siku mbili Ollantaytambo, na ile karatasi ya majibu ameikunja ndani ya pasipoti.