Mke Angojaye Ruhusa ya Kuingia Nchi ya Mumewe, Akae Wapi?

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Unguja na Dar es Salaam, limekuwa jambo la kawaida kijana aishiye Uingereza kuja likizo ya wiki tatu, akaposa, akaozwa, akakaa fungate, kisha akarudi kazini kwake peke yake. Harusi yenyewe hupangwa kwa uangalifu mwingi: siku, ukumbi, pilau, nguo za bibi arusi, na kiasi cha mahari. Lakini liko swali moja ambalo mara nyingi haliulizwi mpaka ndege imekwisha kuruka. Mke huyu aliyeachwa nyuma, mpaka apate ruhusa ya kumfuata mumewe, akae wapi, na katika nyumba ya nani?

Wazee hujibu upesi: "Ni miezi michache tu, atakaa pale pale alipo." Neno hilo "miezi michache" ndilo tulitakalo kulitazama leo, kwani wengi walitamkao hawajapata kulihesabu.

Sheria ya Uingereza humtaka raia, au mwenye ukaazi wa kudumu, aonyeshe pato la kiasi maalumu kabla mkewe au mumewe hajaruhusiwa kuingia. Mwezi wa Julai 2012 kiasi hicho kiliwekwa kuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa kwa waombaji wapya mpaka pauni 29,000. Kwa kuwa viwango hivi hubadilika, mwenye kuomba na aulize kiwango cha siku yake mwenyewe. Basi tazama: mtu mzima afanyaye kazi saa 37 na nusu kwa wiki kwa ujira wa chini kabisa wa mwaka 2025, yaani pauni 12.21 kwa saa, hafikishi hata pauni 24,000 kwa mwaka. Kijana wa dukani au wa ghalani, tumwonaye hapa amevaa vizuri na mkono wake u wazi, huenda asiweze kumchukua mkewe mpaka apate kazi ya pili au kazi iliyo bora. Wala mshahara wa mke aupatao huku kwetu hauhesabiwi hata akiwa ni daktari, maadamu yeye yuko nje ya Uingereza.

Akishapata kazi ya kiasi hicho, mara nyingi hutakiwa alete hati za mshahara za miezi 6 mfululizo kutoka kwa mwajiri mmoja. Afanyaye biashara yake mwenyewe hutakiwa kuonyesha hesabu za mwaka mzima wa kodi. Baada ya hapo ndipo maombi yapelekwe, na maombi nayo yana miezi yake ya kungojewa. Na yakikataliwa kwa karatasi moja tu iliyokosekana, huanzwa upya au hukatwa rufani. Kwa hiyo amwambiaye binti ya watu "miezi michache" hali bado hajapata hiyo kazi, yampasa amwambie kweli: ni mwaka, na huenda ukazidi.

Imepokewa katika khabari za Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) kwamba aliuliza ni muda gani mwanamke aweza kuvumilia kukaa bila ya mumewe, kisha akaweka mpaka kwa askari wake wasikae vitani zaidi ya hapo. Riwaya zakhitilafiana baina ya miezi 4 na miezi 6. Hati za mshahara peke yake, basi, zimekwisha kuumaliza muda wote wa Umar, wala maombi hayajatiwa hata muhuri.

Wako wasemao: "Na aende kwa ruhusa ya matembezi, angojee huko huko." Njia hii ina khatari. Mwenye kuingia Uingereza kama mgeni, ambaye kwa kawaida hupewa muda usiozidi miezi 6, haruhusiwi kuibadili ruhusa hiyo akiwa ndani ya nchi ili awe mke mkaazi. Hana budi kurudi alikotoka na kuomba kutoka huko. Akisema uongo mbele ya maafisa kwamba anakwenda kutembea tu, hali nia yake ni kubaki, aweza kufungiwa mlango kwa miaka 10. Na akishika mimba akajifungua huko akiwa mgeni, gharama za hospitali zitamwangukia. Kumtembelea mume kwa siku zijulikanazo na kurudi ni jambo jingine, na ni jema, ikiwa ruhusa itapatikana.

Basi turudi kwenye nyumba. Katika miji yetu mke huyu huwekwa kwa mojawapo ya njia tatu: hubaki kwa wazazi wake, au hupelekwa kwa wazazi wa mume, au hupangiwa chumba chake mwenyewe.

Njia ya pili ndiyo ipendwayo sana na jamaa za mume, na ndiyo iletayo mashitaka mengi. Bibi arusi huingia katika nyumba ambayo mwenyewe aliyemleta hayumo. Hana wa kumsemea. Mavyaa wake apata msaidizi wa jikoni, mawifi wapata wa kuwafulia, na kila fedha itumwayo na mume hupitia mkono wa mtu mwingine kabla ya kumfikia, ikiwa yamfikia. Hatusemi kuwa kila nyumba ni hivyo. Ziko nyumba ambamo mke wa mwana ni kama binti aliyezaliwa humo. Lakini sharia haikuliacha jambo hili lifuate tabia ya mavyaa. Makazi ni haki ya mke juu ya mumewe, sawa na chakula na nguo. Sura ya At-Talaq, katika aya ya 6, imewaamrisha waume kuwapa makazi hata wanawake waliokwisha kuachwa, kwa kadiri ya uwezo wa mume. Na wanazuoni wakasema kwamba ikiwa hivyo ndivyo kwa aliyeachwa, aliyemo ndani ya ndoa ana haki zaidi. Na mke aliyekataa kukaa pamoja na jamaa za mume katika nyumba isiyo na faragha yake hakuasi. Ameidai haki yake.

Kwa maoni yetu, kama kungojea kwatarajiwa kuwa ni kwa mwaka mmoja, mke na abaki kwa wazazi wake, kwa sharti mbili. Kwanza, mume awe ndiye anayemlisha na kumvisha tangu siku ya kuondoka kwake, asimwachie baba mkwe mzigo huo kwa kisingizio kuwa "bado yuko kwao". Pili, wazazi wake wenyewe wamjue kuwa ni mke wa mtu, si msichana tena wa kutumwa na kukatazwa kila jambo. Kama kungojea kutapita mwaka, chumba chake mwenyewe karibu na jamaa zake ni bora kuliko vyote, hata kikiwa kidogo.

Na katika hili wajibu wa mume na hoja yake mbele ya serikali ni kitu kimoja. Maafisa wa Uingereza hutaka kuona kuwa ndoa ni ya kweli na kuwa ingali hai. Risiti za fedha zilizotumwa kila mwezi kwa jina la mke mwenyewe, kodi ya chumba iliyolipwa, tikiti za safari za mume kuja kumwona, khabari zao za simu: hayo ndiyo mashahidi wao. Mume atumaye fedha kwa mkono wa rafiki, bila ya karatasi, huenda ametimiza wajibu wake mbele ya Mungu, lakini hana la kuonyesha. Kadhalika cheti cha ndoa. Nikaha iliyofungwa Kenya na ikaandikishwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 2014, au Tanzania Bara kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, hukubaliwa Uingereza. Ama nikaha iliyosomwa huko Uingereza sebuleni, bila ya kuandikishwa kwa sheria ya nchi, mahakama ya rufani ya huko mwaka 2020 ilikataa kuihesabu kuwa ni ndoa kisheria. Wazazi wanaomwoza binti yao kwa simu, na walidurusu hilo.

Sasa tuvuke bahari, tuitazame nyumba ya upande wa pili, maana serikali ya Uingereza nayo huuliza swali lile lile la mwanzo: atakaa wapi? Hutaka ionyeshwe nyumba ambamo mume na mkewe watakuwa angalau na chumba kisichotumiwa na mtu mwingine, na nyumba nzima isiwe imejaa kupita kiasi. Kipimo chake kimo katika Sheria ya Nyumba ya 1985: vyumba viwili ni vya watu 3, vyumba vitatu ni vya watu 5, na chumba cha kukaa nacho huhesabiwa. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hahesabiwi, na aliye baina ya mwaka mmoja na miaka 10 ni nusu ya mtu. Tena sheria hiyo yasema wa kiume na wa kike ambao si mke na mume, wakishafika umri wa miaka 10, isiwe lazima walale chumba kimoja. Msomaji atakumbuka kuwa miaka 10 ndio umri uleule ambao Mtume (S.A.W.) alituamrisha kuwatenganisha watoto wetu katika malazi.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Baba wa mume aweza kuwapa chumba nyumbani kwake, akaandika barua ya kukubali, na serikali ikaridhika. Lakini mshahara wa baba huyo huyo hauhesabiwi, ila kwa hali za pekee sana, hata akiapa kuwa atawalisha wote wawili. Ndiyo sababu wengi wa wake hawa hufikia kwa wakwe, kwani kodi za nyumba ni ghali na mume ametumia akiba yake yote. Mwaka 2025 ada ya maombi ilikuwa pauni 1,938, na juu yake pauni 3,105 za huduma ya afya, zote zikilipwa kabla ya safari.

Nyumba za mitaa ya kawaida ya Uingereza ni nyembamba, zina ngazi moja na mara nyingi bafu moja. Mke akiwekwa humo pamoja na shemeji zake wawili watatu wasiooa, atavaa buibui tangu alfajiri mpaka usiku, na hata kwenda kuoga kutamtaka apige hodi. Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali juu ya shemeji kuingia kwa mke wa nduguye, nasi tumelizoea jambo hilo mpaka tumelisahau. Mlango wenye kufuli, saa zijulikanazo za jikoni, na mpango wa lini watahamia kwao wenyewe: haya yaandikwe mapema, na walii wa binti asione haya kuyauliza siku ya posa, palepale yanapotajwa mahari.

Wala kungojea hakumaliziki uwanja wa ndege. Ruhusa ya kwanza ni ya miezi 33. Ya pili ni ya miezi 30. Baada ya miaka 5 ndipo aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Aruhusiwa kufanya kazi katika muda wote huo, lakini haruhusiwi kupokea misaada ya fedha ya serikali, na ndoa ikivunjika ruhusa yake huvunjika nayo. Watu waovu wameifanya khofu hii kuwa fimbo: "Ukisema neno nitakurudisha kwenu." Binti zetu na wajue kuwa mke apigwaye au adhulumiwaye na mumewe aweza kuomba ukaazi kwa nafsi yake, bila ya idhini ya mume. Na tangu kanuni za mwaka 2024, mke aliyeletwa huku kwetu "kusalimia" kisha akaachwa, pasipoti yake ikachukuliwa, aweza kuomba kurudi Uingereza kwa haki yake mwenyewe. Kwa hiyo nakala za pasipoti na za ruhusa yake zibaki pia kwa baba yake, mbali na mkono wa mume.

Limebaki la mtoto, maana mara nyingi huzaliwa katikati ya kungojea. Ikiwa baba ni raia wa Uingereza kwa kuzaliwa huko au kwa kuandikishwa huko, na ameoana na mama kisheria, mtoto azaliwaye Mombasa au Unguja ni raia wa Uingereza tangu siku yake ya kwanza. Ikiwa baba naye aliupata uraia huo kwa kurithi tu, kwa kuwa alizaliwa nje, mtoto haupati hivi hivi. Na ikiwa baba ana ukaazi bila ya uraia, mtoto naye yampasa aombewe ruhusa ya kuingia. Hivyo huenda mtoto mchanga akawa na haki ya kuingia katika nchi ambayo mama anyonyeshaye bado amefungiwa. Mwezi Februari 2017 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema kiwango cha pato ni halali, ila maslahi ya watoto hayakuwa yametazamwa ipasavyo katika kanuni. Na baada ya hapo maafisa walitakiwa kuyapima. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa, chenye jina la baba limeandikwa kama lilivyo katika pasipoti yake herufi kwa herufi, kichukuliwe mapema, na kiambatanishwe na maombi ya mama.