Jani la Sukuma Wiki Lisemalo

Katika mitaa ya Umoja, Kayole na Dandora, jijini Nairobi, nyumba nyingi hazina shamba, lakini zina gunia. Gunia hilo hujazwa udongo na samadi, likatobolewa ubavuni, na kila tundu likatiwa mche wa sukuma wiki au spinachi. Kwa mama mwenye kuhesabu shilingi, gunia lililostawi ni mboga ya jioni isiyohitaji kwenda gengeni. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 imekitambua kilimo cha mjini, na mwaka 2020 serikali ikahimiza bustani milioni moja za jikoni nchini.

Taabu huanza majani yageukapo manjano. Jirani husema, "Tia mbolea." Swali ni mbolea ipi, kwani mbolea isiyohitajika hula fedha, na ikizidi ndani ya gunia huunguza mizizi.

Kwanza, chomeka kidole udongoni. Ukiwa tope, mizizi imekosa hewa, na jani litakuwa manjano ingawa chakula kimo tele. Kisha geuza jani utazame chini yake, yamkini vidukari ndio wanaofyonza utomvu. Ikiwa maji ni ya kadiri na wadudu hawamo, hapo ndipo tuulize habari ya lishe.

Swali kuu ni hili: limeanza kuugua jani la chini au la juu? Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huziondoa katika majani makongwe ukayapa machanga, mfano wa mzazi ajinyimaye ili mwanawe ale. Chuma na kalisi hazihami, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza katika majani mapya.

Jani la chini likiwa manjano lote, pamoja na mishipa yake, naitrojeni imepungua: tia samadi iliyooza vyema. Likiwa manjano baina ya mishipa iliyobaki kijani, shuku magnesi. Kingo zikikauka kama zilizopitiwa na moto, potasiamu ni haba, na majivu kidogo ya kuni husaidia. Mche uliodumaa, wenye rangi ya zambarau, aghalabu umekosa fosforasi.

Jani changa likiwa manjano ilhali mishipa yake ni kijani, chuma hakiufikii mmea. Hapa majivu ni adui, kwa kuwa huongeza ualkali wa udongo na kukifunga chuma kilichomo. Acha majivu, ongeza mboji. Na majani machanga yakijikunja na ncha zake kufa, kalisi haifiki, mara nyingi kwa sababu ya kumwagilia leo na kusahau siku tatu.

Katika karne ya 19, mwanakemia wa Ujerumani Justus von Liebig alieneza kanuni kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kile kilicho haba zaidi, si kile kilicho tele. Ndiyo maana samadi ndoo kumi haziponyi upungufu wa kitu kisichokuwamo ndani yake.

Wenye tangi la samaki wa maji baridi nyumbani watakuta kanuni hiyo hiyo katika mimea yake. Tena maji ya tangi yanapobadilishwa yasimwagwe, maadamu hayakutiwa chumvi wala dawa: yana naitrojeni itokanayo na kinyesi cha samaki, na gunia litayapokea kwa shukrani.

Lakini liko jambo ambalo jani halilisemi. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, uliotolewa mwaka 2007, ulikuta risasi katika udongo wa karibu na jaa la Dandora na katika damu ya watoto. Mboga yaweza kunawiri kijani katika udongo wenye sumu. Basi usichukue udongo wa jaani wala maji ya mtaro wa maji machafu, hata kama ni bure. Manjano ya jani hutibika kwa mboji, bali risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, na madhara hayo hayafutiki.