Punguzo la kodi si fedha mkononi: habari kwa wenye jamaa Marekani

Mwanachama wetu mmoja, fundi wa karakana na baba wa watoto sita, alifika ofisini akiwa na simu mkononi na uso usio na furaha. Binti yake mkubwa alipelekwa Marekani pamoja na mumewe kutoka kambi ya wakimbizi. Wanaishi katika jimbo la Kentucky, na kila muhula binti huyo amekuwa akituma karo ya wadogo zake. Safari hii karo haikuja. Yalikuja maelezo marefu ya sauti: nyumba waliyonunua kwa mkopo ilikuwa na mashine kuukuu ya kupasha joto, mwaka 2024 kampuni moja ikawauzia mashine mpya kwa dola 9,000, ikawaambia serikali itawarudishia mpaka dola 2,000, na serikali ikawapa 680. Mzee alituuliza swali moja tu: nani amekula hizo dola 1,320 zilizobaki?

Tulimjibu kwamba hakuna aliyezila, kwa sababu hazikuwako. Jibu hilo halikumridhisha, na kwa kweli hata sisi halikuturidhisha mpaka tulipokaa na kuisoma sheria yenyewe. Kwa kuwa wasomaji wengi wa kurasa hizi wana mtoto, dada au shemeji huko Marekani, tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu.

Kwanza msomaji wa hapa kwetu asidhani kwamba mashine ya joto ni anasa. Katika majimbo ya kaskazini, kama Maine, baridi hushuka chini ya sifuri kwa wiki nyingi. Nyumba isiyopashwa joto hupasuka mabomba ya maji, na mtoto mchanga au mzee anaweza kufa ndani yake. Kule Texas nako kiangazi hupita nyuzi 38, na kukaa bila kiyoyozi ni hatari vile vile. Kentucky iko katikati, nayo hupata yote mawili. Kwa hiyo mfanyakazi wa huko hulipa gharama ambayo sisi hatuijui: wengine hulipia gesi, wengine umeme, na Maine nyumba nyingi zimezoea kuchoma mafuta yanayofanana na mazuti ya malori. Bei ya mafuta ikipanda, mshahara wake unapungua hata kama tajiri wake hakumkata senti.

Mashine waliyouziwa vijana wetu huitwa pampu ya joto. Jina linatisha, lakini kazi yake ni ile ya friji. Weka mkono nyuma ya friji inayofanya kazi: utasikia joto. Hilo ni joto lililotolewa ndani kwenye chakula likamwagwa nje. Pampu ya joto hufanya hivyo kwa nyumba nzima. Kiangazi hulitoa joto ndani na kulitupa nje. Wakati wa baridi hugeuza mwendo, ikavuta joto kutoka hewa ya nje, ambayo hata ikiwa baridi bado ina joto kidogo, na kulileta ndani. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulizalisha, kwa kila kipimo kimoja cha umeme inaweza kuleta vipimo viwili, vitatu au zaidi vya joto. Hatusemi basi kwamba mashine ni mbaya. Jimbo la Maine lilijiwekea lengo la kufunga pampu 100,000 kufikia mwaka 2025, likalitimiza mwaka 2023, miaka miwili kabla. Ubishi wetu ni juu ya namna inavyolipiwa.

Njia mbili zinazochanganywa

Serikali ikitaka watu wabadilishe mashine zao ina njia mbili kubwa za kuwasaidia, na wauzaji wengi hupenda kuzitaja kwa pumzi moja. Njia ya kwanza ni punguzo la kodi. Unanunua mashine kwa fedha zako au kwa mkopo, kisha mwaka unaofuata, unapopeleka hesabu zako kwa mtoza kodi, unakatiwa kiasi fulani katika kodi unayodaiwa. Njia ya pili ni punguzo la bei, ambalo hukatwa pale pale kwenye hati ya malipo, au unarudishiwa kwa hundi. La pili halina haja ya kujua unalipa kodi kiasi gani. La kwanza linategemea hilo tu.

Wamarekani walianza mchezo huu wa punguzo la kodi mwaka 1978, baada ya shida ya mafuta ya miaka ile. Mwenye nyumba aliyeziba dari na madirisha yake alikatiwa asilimia 15 ya dola 2,000 za kwanza, yaani dola 300 kwa wingi. Punguzo hilo lilikwisha mwaka 1985. Jingine likaja mwaka 2006, likapanda na kushuka kadiri Bunge lao lilivyopenda. Kubwa kuliko yote lilitokana na sheria aliyoitia sahihi Rais Joe Biden Agosti 2022. Kuanzia Januari 2023, aliyefunga pampu ya joto katika nyumba anayokaa alikatiwa asilimia 30 ya gharama, isizidi dola 2,000 kwa mwaka. Mashine za kawaida zaidi, kama tanuri la gesi au kiyoyozi kikubwa cha nyumba nzima, zilikatiwa kwa ukomo wa dola 600 kila moja, zikiwa za daraja la juu la kubana matumizi.

Sasa turudi Kentucky, tufanye hesabu. Mume anafanya kazi kiwandani, mke anafanya kazi za muda, na kwa pamoja mwaka 2024 walipata dola 36,000. Hawana mtoto bado. Sheria ya mwaka huo iliwaachia wanandoa dola 29,200 za kwanza bila kodi. Zikabaki dola 6,800, na kodi yake ni asilimia 10, yaani dola 680. Asilimia 30 ya 9,000 ni 2,700, ukomo ukazishusha hadi 2,000. Lakini huwezi kumpunguzia mtu kodi ya 2,000 wakati anadaiwa 680. Kodi ikawa sifuri, na mambo yakaishia hapo. Zilizobaki hazilipwi taslimu wala hazisongezwi mwaka unaofuata. Msimamizi wa kiwanda chao, anayedaiwa kodi ya dola 9,000, angefunga mashine ile ile kwa bei ile ile na kuzipata zote 2,000. Wenye watoto wadogo hesabu yao ni nyingine, kwa sababu kuna nafuu za watoto zinazoingiliana na hii, nao wasiikadirie kwa kutazama mfano huu.

Muuzaji hakusema uongo wa kushitakiwa. Alisema “mpaka dola 2,000”, na neno “mpaka” ndilo lililobeba mzigo wote. Hili si la kampuni moja tu. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Severin Borenstein na Lucas Davis, walichunguza mapunguzo ya kodi ya namna hii yaliyotolewa tangu mwaka 2006. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 2016 walionyesha kwamba moja ya tano ya watu wenye mapato ya juu kabisa ilichukua kama asilimia 60 ya fedha zote, na tatu ya tano ya watu wa chini wakagawana kama asilimia 10. Sheria iliyoandikwa hivyo humkuta mwenye nacho mlangoni.

Mpangaji naye, ambaye ndiye wengi wa watu wetu, alisahauliwa kwa namna ya kuchekesha. Mwenye nyumba ya kupangisha hakuweza kudai punguzo hilo, kwa sababu haishi ndani yake. Mpangaji aliruhusiwa kulidai, lakini ni mpangaji gani atakayenunua mashine ya maelfu ya dola na kuitundika kwenye ukuta wa mtu mwingine? Bili ya baridi hulipwa na mpangaji, na mwenye nyumba hana haraka.

Yaliyokatwa na yaliyosalia

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria nyingine iliyolifuta punguzo hilo la kodi kwa mashine yoyote iliyofungwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Kwa hiyo anayebisha mlango leo na kuahidi asilimia 30 za serikali ya shirikisho kwa mashine mpya ya joto anauza kitu ambacho hakipo tena. Waliofunga kabla ya tarehe hiyo bado wana haki yao. Hudaiwa kwa fomu nambari 5695, na kwa mashine za mwaka 2025 hutakiwa pia nambari ya mtengenezaji. Aliyesahau kudai anaweza kusahihisha hesabu zake, kwa kawaida ndani ya miaka 3 tangu alipozipeleka. Kuna wajitoleaji wa mpango uitwao VITA wanaowasaidia watu wa kipato cha chini kuandika hesabu za kodi bila malipo. Mtu awaulize kwanza kama fomu hiyo wanaijaza.

Punguzo la bei ni habari tofauti, na hapa tunawaomba wasomaji wasikilize vizuri. Sheria ile ya 2022 ilitenga pia dola bilioni 8.8 zipitie serikali za majimbo, na mpango huo haukufutwa mwaka 2025. Katika fungu moja la fedha hizo, familia yenye mapato yasiyofikia asilimia 80 ya mapato ya kati ya eneo lake inaweza kulipiwa gharama yote ya pampu ya joto kwa ukomo wa dola 8,000, pamoja na dola 4,000 za sanduku kuu la umeme, 2,500 za nyaya, na 1,600 za kuziba dari na nyufa, jumla isizidi dola 14,000. Walio kati ya asilimia 80 na 150 hulipiwa nusu ya gharama, kwa ukomo ule ule. Mapato ya kati maana yake ni kiwango ambacho nusu ya familia za eneo hilo wako juu yake na nusu chini. Fedha hizi mtoza kodi hazihesabu kuwa mapato.

Ila kila jimbo lina mwendo wake. New York lilianza Mei 2024, mengine yakachelewa, South Dakota lilikataa fedha hizo, na mwanzoni mwa 2025 malipo yalipozuiwa na serikali mpya ya Washington, baadhi ya majimbo yalisimamisha maombi kwa muda. Tena punguzo hili halirudi nyuma. Anayenunua kwanza na kuuliza baadaye hukosa. Hapana budi aende kwanza ofisi ya nishati ya jimbo lake, akubaliwe, kisha atumie fundi aliyeandikishwa nayo.

Kuna na msaada wa zamani zaidi ambao muuzaji hautaji kwa kuwa haumletei faida. Tangu mwaka 1976 serikali ya shirikisho imekuwa na mpango wa kurekebisha nyumba za watu wa kipato kidogo bila malipo. Mafundi hupima nyumba, huziba dari na nyufa, na panapohitajika hutengeneza au hubadilisha mashine ya joto. Mpangaji anaweza kuomba, mwenye nyumba akikubali. Kipimo chake ni mapato yasiyozidi mara mbili ya kiwango cha umaskini. Mwaka 2025 kwa watu wawili ilikuwa dola 42,300. Na tangu 1981 upo mpango mwingine wa kusaidia bili zenyewe za joto na baridi. Foleni ni ndefu na fedha huisha kabla ya watu kuisha. Hata hivyo, wale wawili wa Kentucky, kwa mapato yao ya dola 36,000, walistahili kuomba mpango wa 1976, wala hakuna aliyewaambia.

Jambo la mwisho ni la sahihi. Mtu akiuziwa kitu cha dola 25 au zaidi nyumbani kwake, sheria ya Marekani kwa kawaida inampa mpaka usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kuvunja mapatano bila kutoa sababu. Jumamosi huhesabiwa, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Muuzaji anatakiwa kumpa karatasi ya kuvunjia siku ile ile ya kutia sahihi. Barua ya kuvunja ipelekwe kwa posta yenye stakabadhi, na nakala ibaki nyumbani.

Mzee wetu aliyasikiliza haya yote, akaomba tumrekodie kwa simu ili ayatume. Binti alijibu siku ya pili yake: zile siku tatu zilikwisha pita zamani, na deni la mashine wataendelea kulilipa kila mwezi. Ila dari yao bado haijazibwa, na joto la mashine mpya linapotea juu kama lilivyopotea la ile ya zamani. Amekwenda kuandikisha jina kwenye mpango ule wa 1976 na kupewa nambari ya foleni. Karo ya muhula huu wenzake baba yake wa karakana waliichanga.