Sarafu ya peso 1 ya Chile: Nani hubeba hasara ya chenji?

SARAFU ya peso 1 ya Chile, iliyokuwa ndogo kuliko zote nchini humo, iliacha kutengenezwa tangu Novemba 1, 2017, pamoja na ile ya peso 5. Tangu siku hiyo malipo ya fedha taslimu nchini humo hufanywa kwa makumi. Kwa wenye maduka swali lilikuwa moja: hizo peso mbili tatu zisizo na chenji zinabaki mfukoni mwa nani?

Swali hilo linamhusu kila anayeuza kwa fedha taslimu, kwani sarafu ndogo haiondoki sokoni kwa amri tu. Huanza kuondoka pale thamani yake inaposhindwa kulipia hata madini iliyotengenezewa.

Thamani ilivyoyeyuka

Peso inayotumika Chile ilianzishwa Septemba 1975, baada ya mfumuko mkubwa wa bei kuimaliza nguvu fedha iliyotangulia, escudo. Peso 1 ilichukua nafasi ya escudo 1,000. Kati ya Juni 1979 na Juni 1982 serikali iliweka kiwango maalumu cha peso 39 kwa dola moja ya Marekani. Wakati huo peso 1 ilikuwa sawa na senti mbili na nusu za Marekani. Mwishoni mwa 2017 dola moja ilibadilishwa kwa peso 630 hivi, na peso 1 ilikuwa imebaki kama moja ya sita ya senti.

Tangu 1992 sarafu hiyo ilitengenezwa kwa aluminiamu, kwa umbo la pembe nane, ikiwa na sura ya Bernardo O'Higgins, kiongozi wa uhuru wa Chile. Uzito wake ni karibu gramu 0.7. Mwaka 2017 tani moja ya aluminiamu iliuzwa takriban dola 2,000 katika soko la dunia. Kwa hesabu hiyo, madini ya sarafu moja yalikuwa na thamani ya karibu moja ya saba ya senti. Yaani malighafi peke yake ilikaribia kumeza thamani yote, kabla ya kuhesabu gharama za mtambo, usafiri na ulinzi.

Kwa kawaida benki kuu hupata faida inapotoa fedha, kwa sababu noti au sarafu hugharimu kidogo kuliko thamani iliyoandikwa juu yake. Kwa peso 1 mambo yaligeuka, kila sarafu mpya ikawa hasara.

Utaratibu wa makumi

Sheria iliyopitishwa mwaka 2016 iliweka utaratibu rahisi. Jumla ya malipo ikiishia na tarakimu 1 hadi 5, hushushwa hadi kumi iliyo chini yake. Ikiishia na 6 hadi 9, hupandishwa hadi kumi inayofuata. Anayedaiwa peso 1,285 hulipa 1,280, na anayedaiwa 1,286 hulipa 1,290. Utaratibu huo unahusu fedha taslimu tu. Anayelipa kwa kadi au kwa hundi hulipa kiasi kamili.

Ukiangalia vizuri, mizani imeelemea upande wa mteja. Chukua wateja kumi ambao jumla zao zinaishia na tarakimu zote, kuanzia 0 hadi 9. Wale wa 1 hadi 5 wanasamehewa peso 15 kwa pamoja. Wale wa 6 hadi 9 wanaongezewa peso 10. Mwenye duka anapoteza peso 5 kwa wateja kumi, yaani nusu peso kwa kila mmoja.

Je, hasara hiyo ni kubwa? Duka lenye wateja 200 wa taslimu kwa siku litapoteza peso 100, au peso 3,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha 2017 hizo hazikufika dola tano. Ni gharama ndogo ukilinganisha na muda wa kuhesabu, kufunga na kusafirisha mifuko ya sarafu ambazo hakuna anayezitaka.

Ujanja wa bei

Mfanyabiashara anaweza kudhani atafidia kwa kupanga bei ya peso 996 ili alipwe 1,000. Lakini kinachopandishwa au kushushwa ni jumla ya manunuzi, si bei ya kila bidhaa. Mteja akichukua bidhaa mbili jumla ni 1,992, naye atalipa 1,990. Faida ya peso nne imegeuka hasara ya peso mbili. Aidha, bei nyingi nchini Chile huishia na 990, na hizo hazihitaji marekebisho yoyote.

Kwa waliokuwa na sarafu hizo nyumbani, hatua hiyo haikuzifuta. Zilibaki fedha halali, na benki ziliendelea kuzipokea. Hata hivyo, anayeziweka akitumaini zitapanda bei kwa wakusanyaji asitarajie makubwa, kwani sarafu za kawaida za aina hiyo ni nyingi mno.

Kilichopotea Chile hakikupotea siku ya kusimamisha mtambo. Kilikuwa kimekwenda kidogo kidogo na mfumuko wa bei, kwa zaidi ya miaka 40. Mfanyabiashara anayeona wateja wake wakiziacha sarafu ndogo juu ya meza asisubiri tangazo la benki kuu. Ni wakati wa kupitia upya bei zake.