Mwongozo wa kwanza wa uhuishaji: Kagua mwaka na toleo kabla ya kutoa pesa

KIJANA wa Shika Adabu, Likoni, anayetaka kujifunza uhuishaji wa tovuti, yaani ufundi wa kuzipa mwendo picha zinazoonekana kwenye intaneti, hukabiliwa na uamuzi mmoja kabla hata hajaiwasha tarakilishi. Uamuzi huo ni kuchagua kitabu cha kuanzia.

Akipanda matatu hadi kivukoni, feri itamvusha bila malipo, kwa kuwa waendao kwa miguu hawatozwi nauli. Gharama humngoja ng'ambo ya pili, kisiwani, kwenye maduka ya vitabu na kwa wachuuzi wa vitabu kuukuu. Huko anaweza kukutana na mwongozo mnene, wenye jalada la kuvutia na bei ya kuridhisha, ambao hautamfaa kitu.

Kitabu cha hesabu kilichochapishwa miaka 20 iliyopita kingali kinafunza hesabu ile ile. Mwongozo wa programu za tarakilishi haufanani nacho. Huandikwa kwa ajili ya toleo moja la programu, na toleo hilo likipita, nusu ya maelekezo yake huwa hayana mahali pa kutekelezwa.

Anayeumia zaidi ni mwanafunzi mpya. Fundi mzoefu akiambiwa na kitabu abofye kitufe kisichokuwapo, hutambua mara moja kwamba kitabu kimepitwa na wakati. Mgeni hana uwezo wa kutofautisha kosa lake na kosa la kitabu. Hudhani yeye ndiye asiyeelewa, hurudia zoezi mara tano, kisha huiacha kazi ambayo pengine angeiweza.

Kisa cha Flash

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Flash. Programu hii ilianza mwaka wa 1996 kwa jina la FutureSplash Animator, ikiwa kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa FutureWave. Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ya Macromedia iliinunua na kuibadilisha jina kuwa Flash. Mnamo 2005 Macromedia nayo ilinunuliwa na Adobe.

Flash ilipendwa kwa sababu mafaili yake yalikuwa mepesi. Badala ya kuhifadhi rangi ya kila nukta ya picha, ilihifadhi maelekezo ya kihesabu ya mistari na maumbo, na tarakilishi ya mtazamaji ndiyo iliyoichora picha upya. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa Afrika Mashariki, ambako kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufikishwa Mombasa mnamo 2009, mawasiliano ya intaneti yalitegemea setilaiti, na yalikuwa ya polepole na ya gharama kubwa.

Mambo yalianza kubadilika kwa ujio wa simu za kisasa. Simu za iPhone, zilizoingia sokoni mwaka wa 2007, hazikuikubali Flash, na mnamo Aprili 2010 mkuu wa Apple wakati huo, Steve Jobs, alichapisha barua ya wazi akieleza sababu zake, zikiwemo usalama na matumizi makubwa ya betri. Mwaka uliofuata Adobe iliacha kuiendeleza Flash kwa vivinjari vya simu. Julai 2017 ilitangaza kwamba itaisitisha kabisa. Ilifanya hivyo Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 kichezeshi cha Flash kilizuiwa kuonyesha kazi yoyote.

Mahali pake pamechukuliwa na lugha za kawaida za tovuti zenyewe, hasa HTML, CSS na JavaScript, pamoja na michoro ya SVG. Kivinjari chochote cha kisasa huzielewa bila kuongezewa kitu.

Hata hivyo, vitabu vya Flash havikufa siku programu hiyo ilipokufa. Anayekiona kitabu cha Flash MX cha mwaka wa 2002 au cha Flash 8 cha 2005 anaweza kudhani amepata mali. Ukweli ni kwamba sura zake za kuchapisha kazi kwenye tovuti zinafundisha njia iliyofungwa. Hata wakati Flash ilipokuwa hai vitabu hivyo vilichakaa haraka, kwani lugha yake ya maelekezo, ActionScript, iliundwa upya mwaka wa 2006 ilipofikia toleo la 3.0. Aliyejifunza kwa kitabu cha kale alilazimika kujifunza upya.

Haimaanishi kwamba kila ukurasa ni hasara. Mwaka wa 2016 Adobe iliipa programu ya kutengenezea Flash jina jipya, Animate, nayo huweza kutoa kazi kwa HTML5. Sura za kuchora, za kupanga tabaka na za kutumia fremu katika vitabu vya zamani zingali na maana kwa anayeijua tayari kazi hiyo. Kwa mwanafunzi mpya, kuchambua lipi limebaki na lipi limekufa ni mzigo mwingine.

Toleo jipya, kitufe kipya

Hatari hii haiko kwa Flash pekee. Blender, programu isiyolipiwa ambayo hutumiwa kutengeneza katuni na filamu duniani kote, ilibadilishwa sura Julai 2019 katika toleo la 2.80. Kabla ya hapo, ili kuliteua umbo, mtumiaji alibofya kitufe cha kulia cha kipanya. Tangu toleo hilo, mpangilio wa kawaida ni kubofya kitufe cha kushoto, na kubofya kulia hufungua menyu.

Mwanafunzi mwenye kitabu cha 2015 na programu ya leo atakwama kwenye ukurasa wa kwanza wa mazoezi. Kitabu kinamwambia abofye kulia, anabofya, na badala ya umbo kuteuliwa inajitokeza menyu asiyoijua. Kitabu hakina kosa, programu haina kosa, na mwanafunzi pia hana kosa. Tatizo ni kwamba viwili hivyo havikuandikiwa mwaka mmoja.

Kwa hivyo, kanuni ya kwanza ya kuchagua ni kuanza na programu, si kitabu. Mwanafunzi na aamue atatumia programu gani, aiweke kwenye tarakilishi yake, aandike nambari ya toleo lake kwenye karatasi, kisha ndipo aende dukani. Ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo mwanzoni mwa kitabu, utamwonyesha mwaka wa kuchapishwa. Dibaji nayo aghalabu hutaja toleo la programu lililotumiwa na mwandishi.

Yasiyozeeka

Kuna vitabu vya fani hii ambavyo umri wake si kasoro. Hivi ni vile visivyofundisha vitufe bali vinafundisha mwendo wenyewe. Mwaka wa 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa siku nyingi wa Disney, walichapisha kitabu kiitwacho The Illusion of Life, ambamo walieleza kanuni 12 za uhuishaji. Mnamo 2001 Richard Williams naye alitoa The Animator's Survival Kit, ambacho kimekuwa mwongozo wa wanafunzi wengi.

Kanuni mojawapo ni kwamba vitu haviondoki wala havisimami ghafla. Mkazi yeyote wa Likoni huiona kila siku. Feri haianzi safari kwa kasi yake yote. Hujivuta polepole kutoka ukingoni, hushika mwendo katikati ya mlango wa bahari, kisha hupunguza kasi inapokaribia ng'ambo. Mchoraji anayeisogeza feri hiyo kwa umbali ule ule katika kila fremu atapata kitu kinachoteleza kama sabuni juu ya bati. Anayezisogeza fremu karibu karibu mwanzoni na mwishoni, na kuziachanisha katikati, atapata feri yenye uzito.

Filamu huonyesha fremu 24 kwa sekunde moja, na wahuishaji wengi huchora michoro 12 tu, kila mmoja ukishikiliwa kwa fremu mbili. Programu hurahisisha kazi hiyo: mchoraji huweka fremu kuu, yaani mwanzo na mwisho wa mwendo, nayo hujaza zilizo kati. Lakini programu haijui kwamba feri ni nzito na unyoya ni mwepesi. Hilo ni la mchoraji. Ujuzi huo ulifaa katika Flash, unafaa katika Blender, na unafaa kwa anayeandika CSS, lugha ambayo ina maneno yake maalumu ya kuamuru mwendo uanze na kuishia taratibu.

Aina tatu za miongozo

Miongozo ya programu hugawika katika mafungu matatu makuu. La kwanza ni vitabu vya mazoezi, mfano wake ukiwa mfululizo wa Adobe uitwao Classroom in a Book. Kila sura ni kazi moja inayoanza na kumalizika, na msomaji hupewa mafaili ya kufanyia mazoezi.

La pili ni vitabu vya picha na hatua fupi fupi, kama mfululizo wa Visual QuickStart wa Peachpit. Hivi humfaa anayetaka kujua jinsi ya kutenda jambo moja kwa haraka. La tatu ni vitabu vya rejea, vile vinene vya zaidi ya kurasa 1,000, ambavyo hueleza kila menyu na kila kitufe.

Wengi huvutiwa na fungu la tatu wakiamini kwamba unene ndio thamani. Kitabu cha rejea ni kama kamusi, chombo kizuri kwa anayejua neno analolitafuta. Asiyejua lugha hajifunzi kuzungumza kwa kusoma kamusi kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Mwanafunzi mpya na aanze na fungu la kwanza.

Lakini vitabu vya mazoezi vina mtego wake. Vingi vya zamani viliambatanishwa na diski ya mafaili, na kitabu kuukuu huenda kimepoteza diski hiyo. Hata ikiwapo, vipakatalishi vingi vya siku hizi havina mahali pa kuiingizia. Kabla ya kulipa, ni vyema kuhakikisha kwamba mafaili ya mazoezi yanapatikana kwenye tovuti ya mchapishaji.

Kipimo cha hakika ni kukijaribu kitabu. Anayeweza kukiazima maktabani au kwa rafiki na afanye zoezi moja lililo katikati, si la kwanza, kwa kuwa sura ya kwanza huwa rahisi katika kila kitabu. Akilimaliza huku akielewa sababu ya kila hatua, kitabu kinamfaa. Akilimaliza kwa kuiga tu, au akikwama mara tatu kwa vitufe asivyoviona, na akirudishe.

Lugha na mashine

Suala la lugha halifai kupuuzwa. Karibu miongozo yote ya fani hii ni ya Kiingereza, ilhali watoto wengi wa Likoni huzungumza Kidigo au Kiswahili nyumbani. Kitabu chenye sentensi fupi, picha nyingi na orodha ya istilahi mwishoni kina thamani kuliko kile cha mwandishi mashuhuri kisichoeleweka. Inasaidia pia kutunga daftari la istilahi kwa Kiswahili: fremu kuu, tabaka, mstari wa muda, njia ya mwendo.

Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hii. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Scratch, programu isiyolipiwa inayowafunza watoto kuamuru picha zisonge, nayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na ni mlango mzuri kwa wanafunzi wa shule za msingi.

Mwisho ni mashine na mfuko. Matoleo ya karibuni ya Blender yanataka kumbukumbu isiyopungua GB 8, kiwango ambacho vipakatalishi vingi vya bei nafuu havifikii. Krita, programu ya kuchora yenye sehemu ya uhuishaji, huridhika na mashine ya kadiri. CSS haihitaji zaidi ya kivinjari na programu ndogo ya kuandikia matini. Kununua mwongozo wa programu ambayo tarakilishi ya nyumbani haiwezi kuiendesha ni kununua sufuria kubwa kuliko jiko.

Isitoshe, si lazima mwongozo wa kwanza ununuliwe. Blender na Krita zina miongozo rasmi isiyolipiwa, na tovuti ya MDN ya Mozilla hueleza CSS na SVG kwa mifano. Mwongozo wa Blender unaweza kupakuliwa mara moja penye intaneti ya bure na kusomwa nyumbani bila kutumia data. Miongozo hii ina ubora mwingine: huandikwa upya programu inapobadilika.

Kwa mwenye fedha za kitabu kimoja tu, hesabu iko hivi. Vitufe na ajifunze kwa mwongozo rasmi wa bure, unaolingana na toleo alilo nalo. Fedha na azitumie kwa kitabu cha kanuni za mwendo, hata kiwe kuukuu na jalada limechanika. Programu atakayoianza leo huenda isiwe ile itakayompa riziki miaka 10 ijayo, kama Flash ilivyodhihirisha. Jicho lililozoea kupima uzito wa feri inapoondoka ukingoni halitahitaji toleo jipya.