Si lazima kulehemu

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniletea rimoti ya runinga iliyoharibika. Alikuwa amelehemu nyaya kwenye saketi yake ili aiunganishe na kompyuta, na joto likaibandua njia ya shaba. Rimoti yenyewe ni ya babake. Sikumkemea, walimu ndio tuliomfunza kwamba waya usiolehemiwa haujaunganishwa.

Rimoti nyingi za One For All ambazo maagizo yake huweza kupangwa upya zina matundu sita chini ya kifuniko cha betri, safu mbili za tatu tatu, yakiachana milimita 2.54. Huo ndio mlango wa kumbukumbu yake. Baadhi zimetiwa pini tangu kiwandani. Zisizo na pini, mtu hupinda kidogo pini zake mwenyewe na kuzichomeka, nazo hubana kingo za matundu kwa mkazo wake. Pini zenye springi hufaa pia, mradi mkono usiteleze. Data ikishaingia, pini hutolewa. Ya nini basi kiungo cha kudumu?

Hatari iliyosalia ni ya umeme. Betri mbili hutoa volti 3, ilhali mlango wa USB wa kompyuta hutoa 5. Adapta isiyolingana huweza kuiua rimoti pasipo moshi wowote. Tundu la kwanza nalo litambuliwe mapema.

Mwanafunzi huyo sasa anachonga kishikio cha pini kwa kipande cha mbao. Rimoti ya babake ingali mezani pangu.